Fahamu: Taa za monita ya mgonjwa zinasema nini?

Monita ni mashine ya wodini inayofuatilia mapigo ya moyo, shinikizo la damu na oksijeni ya mgonjwa.

Rangi

Kwa viwango vya kimataifa, nyekundu inayomweka haraka ni hatari: mhudumu afike papo hapo. Njano inayomweka polepole nayo haisubiri sana. Njano isiyomweka ni tahadhari.

Umeme

Taa ya kijani penye alama ya plagi huonyesha umeme unaingia. Ikizimika na kioo bado kinawaka, mashine inakula betri. Kagua swichi ya ukutani na waya.

Kidoleni

Hapa ndipo usumbufu mwingi huanzia. Kibanio cha kidole hutoa mwanga mwekundu. Usipowaka, shuku waya au kibanio chenyewe. Ukiwaka bila namba kutokea, mtazame mgonjwa kwanza, kisha kidole: ubaridi, rangi ya kucha au hina nyeusi huweza kuvuruga usomaji. Hamishia kidole kingine.

Fundi

Kufungua mashine ni kazi ya fundi wa vifaa tiba, fani inayofundishwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Barabara ya Bibi Titi Mohamed.