Taa ya Manjano Njia ya Meru



Ukurasa wa familia wiki hii umeandikwa baada ya safari. Tulikuwa saba garini: mama yetu, kaka yetu aliyeshika usukani, sisi dada wawili na watoto watatu. Tulitoka Mombasa kwenda Majengo ya Meru, ambako binti wa shangazi yetu alikuwa anaozwa. Udugu baina ya Pwani na Meru si wa jana. Miraa ya Igembe imekuwa ikiteremka Mombasa tangu enzi za babu zetu, na kwa njia iyo hiyo posa zimepanda na kushuka.

Tulilala Nairobi. Asubuhi, tulipokwisha kuipita Thika, tulianza kusikia mvumo upande wa mbele kushoto, mfano wa nyuki mzingani, ukipanda kila mwendo ulipoongezeka na kufifia tulipopunguza. Tulipowasili Embu kaka aliona heri aulize. Kijana mmoja wa gereji, mpole wa maneno, akaliinua gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono, akatwambia beringi imekwisha. Tukanunua nyingine dukani, naye akaipeleka kushindiliwa kwa mashine. Wakati wa kungoja tulikwenda msikitini, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Tuliporudi gurudumu lilikuwa mahali pake. Tukalipa, tukaombeana dua, tukaondoka.

Hatukwenda hata kilomita moja. Mvumo ulikuwa umetoweka kabisa, lakini kwenye dashibodi ikawaka taa ya manjano yenye herufi tatu: ABS.

Kaka akazikanyaga breki mara mbili tatu. Zilishika sawasawa. Akasema taa ni taa tu, gari linakwenda na breki zinafanya kazi, na kule Meru watu wanatungoja. Mama hakujibu mara moja. Aliuliza tu, "Njia iliyobaki ikoje?"

Anayeijua njia hiyo atalielewa swali lake. Kutoka Embu hadi Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, barabara inakata ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya. Mito inashuka mlimani nayo barabara inaivuka mmoja baada ya mwingine, Thuci unaotenga kaunti ya Embu na Tharaka Nithi, kisha mingine mbele yake. Kila mto una bonde lake. Kwa hiyo dereva huteremka, akapinda, akavuka daraja, akapanda, na baada ya muda akateremka tena. Mvua ikinyesha lami huteleza. Na baina ya Chuka na Nkubu liko daraja la Nithi. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kukumbushwa: tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru likija kwetu lilitumbukia katika bonde lile, wakafa watu zaidi ya 30. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hatulitaji ili kusema kuwa taa yetu ilikuwa na uhusiano wowote na msiba ule. Tunalitaja kwa sababu ndilo lililokuwa moyoni mwa mama alipouliza.

Tukageuza gari.

Kijana alishangaa kutuona. Alisema kwa heshima kwamba yeye amegusa beringi tu, na taa ile ni mambo ya umeme. Pengine ilikuwa njiani kuwaka, ikasadifu siku hiyo. Kisha akaongeza neno lililotushtua zaidi ya taa yenyewe. Alisema tukitaka anaweza kuizima, tusafiri bila wasiwasi.

Hapo ndipo tunapotaka wasomaji wetu watue kidogo, hasa akina mama ambao huachiwa magari gereji na kupewa majibu ya namna hiyo. Yako mambo yanayosadifu, hatukatai. Lakini taa inapowaka muda mfupi baada ya gari kutoka mkononi mwa fundi, swali la kwanza huwa ni nini kilichofunguliwa, kuvutwa au kuchomolewa ili kazi ile ifanyike. Magari ya leo yana nyaya nyembamba na sensa zilizojificha karibu na vyuma ambavyo havina uhusiano nazo kwa jina. Fundi aliyebadilisha chujio la hewa akisahau kuurudisha mchomeko wa sensa iliyo kando yake, taa ya injini huwaka. Aliyeng'oa kiti ili akifue huchomoa waya wenye kichwa cha manjano chini yake, na taa ya mifuko ya hewa ya usalama ikawaka. Maana yake ni kwamba siku ya ajali, Mungu aepushie mbali, huenda mifuko ile isifunguke. Hata betri ikifunguliwa tu na kurudishwa, yako magari yatakayoonyesha taa ya usukani mpaka usukani uzungushwe mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, au gari litembee kidogo. Hiyo ya mwisho haina ubaya wowote. Zile mbili za kwanza zinao.

Katika gereji ya jirani alikuwapo fundi mtu mzima mwenye mashine ya kusomea hitilafu. Aliichomeka chini ya usukani, na jibu likaja: sensa ya gurudumu la mbele kushoto haipeleki habari. Ni gurudumu lile lile. Akamwita kijana, akamweleza mbele yetu, wala hakumfokea.

Alisema kila gurudumu lina sensa inayohesabu mizunguko yake. Breki zinapokanyagwa kwa nguvu, kompyuta hulinganisha hesabu za magurudumu yote manne. Likiwapo lililotaka kuganda na kuburuzika, hulilegezea na kulibana tena kwa haraka sana, ili dereva aendelee kuweza kulielekeza gari. Hiyo ndiyo kazi ya ABS. Katika magari ya zamani sensa ilihesabu meno ya chuma. Katika mengi ya sasa meno yale yameondolewa, na badala yake upo mkanda mwembamba wa sumaku uliofichwa upande mmoja wa beringi. Upande huo lazima uielekee sensa. Beringi ikishindiliwa kinyume, gurudumu litazunguka vizuri na mvumo utakwisha; jicho halitaona kasoro yoyote. Lakini sensa haisomi kitu. Kompyuta ikikosa hesabu ya gurudumu moja huufunga mfumo mzima wa ABS na kuwasha taa. Beringi ilipofunguliwa, ndivyo ilivyokuwa: uso wa sumaku ulitazama nje. Mzee yule alimwonyesha kijana jinsi pini ya karatasi inavyonata kidogo upande mmoja na kuteleza upande wa pili.

Kwa hiyo kaka alikuwa na haki nusu. Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, na gari linaweza kupelekwa taratibu kwa fundi. Kinachokosekana ni ule msaada wa wakati wa dharura: mteremko, lami iliyoloa, lori limesimama ghafla mbele yako. Laiti ingewaka pamoja na ile taa nyekundu ya breki, yenye alama ya mshangao ndani ya duara, na breki ya mkono imekwisha kuteremshwa, hapo si pa kusogea. Gari huegeshwa pale pale. Nyekundu, iwe ya breki, ya oili au ya joto la injini, ni ya kusimama. Ya manjano ni ya kwenda kwa tahadhari na kutafuta fundi mapema, isipokuwa taa ya injini ikiwa inapepesa badala ya kutulia. Hiyo nayo hutaka uegeshe. Tunayaandika haya kwa sababu gari letu, kama mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa, lilitumika Japani kabla ya kutufikia, na kitabu chake kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Kimekaa mezani mwa gari miaka yote bila ya mtu kukifungua.

Na lile la kuizima taa? Mzee alicheka kwa huzuni. Alisema wapo wanaoziba au kung'oa balbu, hasa gari linapotaka kuuzwa. Dawa yake ni nyepesi na yeyote anaiweza. Washa ufunguo bila ya kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa za tahadhari huwaka zote kwa pamoja, kisha nyingine huzimika zenyewe baada ya muda mfupi na nyingine injini inapowaka. Taa ambayo haiwaki kabisa wakati huo inatia shaka kuliko inayowaka.

Likabaki suala la gharama, nalo ndilo lililotugawa. Beringi ikishindiliwa kisha ikang'olewa haifai kurudishwa, ilibidi kununua nyingine. Nani alipe? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahiki. Katika fiqhi suala hili ni la zamani sana. Fundi anayefanyia kazi watu wote, mfano wa mshoni au mpiga rangi, wanazuoni humwita ajiri mushtarak. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali, Mungu amwie radhi, alikuwa akiwadhaminisha mafundi mali za watu, na wengi wamelifuata hilo kwa maslahi ya jamii. Katika madhehebu yetu ya Shafi kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana: halipi kilichoharibika ila akivuka mpaka au akizembea. Rabii, mwanafunzi wa Imam Shafi, amesimulia kwamba Imam aliitakidi hivyo lakini hakupenda kuitangaza rai yake, kwa kuwahofia mafundi waovu wasije wakaifanya ngao. Mama yetu, aliyesoma chuoni kwa miaka mingi, ndiye aliyetukumbusha habari hiyo tukiwa tumeketi kwenye benchi la gereji.

Je, kijana alizembea? Kaka alisema ndiyo: kazi ya kushindilia beringi ni kujua uso wake. Sisi tuliona naam, lakini nasi tulikuwa na sehemu yetu. Beringi tuliinunua wenyewe, na dukani hatukuuliza lolote. Zipo hata zisizo na sumaku kabisa, ambazo zingetufikisha kwenye taa iyo hiyo. Tulilipa kabla ya kulijaribu gari hata mzunguko mmoja wa mtaa. Na ile ahadi ya kuizima taa, ambayo ndiyo iliyotukera, aliitoa kwa kudhani anatusaidia.

"Mwanangu," mama alimwambia, "tulikuletea gari lenye ugonjwa mmoja, ukatuponyea, ukatupa na mwingine. Unasemaje wewe mwenyewe?"

Kijana aliinamisha kichwa. Alisema, "Mama, nitalipa mimi."

Mama akakataa alipe yote. Wakasuluhishana: kazi ya pili bila ya malipo, na bei ya beringi nusu kwa nusu. Kaka hakuridhika, na mpaka leo anasema tulikuwa wepesi mno, kwa kuwa gari lililofuata gerejini pale lingekuwa la mtu asiyerudi kuuliza. Hatuna jibu la kumtosheleza. Tulichokiona ni kwamba beringi ile iliyoharibika kijana hakuitupa. Aliifuta grisi, akaiomba, akaiweka rafuni na pini ya karatasi imenata juu yake.

Safari hii kaka alizunguka mitaa miwili kwanza, kisha akatoka kidogo hadi barabara kuu na kurudi. Taa ilizimika. Tuliondoka Embu jua limekwisha pinduka sana, tukavuka Nithi polepole, mama akisoma nyiradi zake, watoto wamelala. Majengo tuliwasili baada ya Isha. Kesi za hina zilikuwa zimekwisha anza bila yetu, na shangazi alitukaripia kwa kuchelewa kabla hata hajaitikia salamu.