Walioanguka na Meza ya Bwana: Mateso ya Kaisari Decius na Huduma ya Toba

Utangulizi

Tunapofundisha historia ya Kanisa la kwanza, mara nyingi tunawasimulia wanafunzi wetu habari za mashahidi: Polycarp wa Smirna, Perpetua na Felicitas wa Carthage, na wengine waliouawa kwa ajili ya jina la Kristo. Tunafanya vema. Lakini tukiishia hapo, picha tunayowapa haijakamilika. Katika mateso makubwa ya karne ya tatu, Wakristo wengi sana waliikana imani yao, na baada ya dhoruba kupita walikuja kubisha mlangoni mwa Kanisa. Ndipo lilipozuka swali ambalo kila mchungaji hulikuta usharikani: Je, aliyeanguka baada ya kubatizwa aweza kurudi? Na akirudi, arudi kwa njia gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kumpokea?

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi swali hilo lilivyozuka chini ya Kaisari Decius, jinsi Kanisa la Carthage, katika Afrika ya Kaskazini, lilivyolijibu, na jinsi jambo hilo lilivyoingia katika Ungamo letu. Hoja yetu ni kwamba Kanisa lilidumu na kukua katika Dola ya Kirumi si kwa ushujaa wa mashahidi peke yake, bali pia kwa sababu lilijifunza kuwapokea walioanguka pasipo kuifanya dhambi yao kuwa jambo dogo.

1. Agizo la Kaisari

Yafaa kwanza tukumbuke hali ya dola wakati ule. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia wa Kirumi karibu watu wote huru waliokaa ndani ya mipaka ya dola. Mwaka 248 Kaisari Philip aliadhimisha kutimia kwa miaka 1,000 ya mji wa Roma. Lakini sherehe hizo zilifanyika katika siku za mashaka. Wagothi walikuwa wakiusumbua mpaka wa mto Danube, nao majemadari walikuwa wakipigania kiti cha ukaisari. Mwaka 249 Decius alimshinda Philip vitani, akatawala mahali pake. Kwa mawazo ya Warumi, usalama wa dola ulitegemea amani kati ya watu na miungu yao. Basi Decius aliamuru wakazi wa dola watoe sadaka kwa miungu.

Maneno ya agizo hilo hayakusalia, lakini utekelezaji wake twaufahamu vizuri, kwa sababu ardhi kavu ya Misri imehifadhi hati za mafunjo walizopewa waliotii. Tangu hati ya kwanza ilipochapishwa mwaka 1893, zimejulikana zaidi ya 40, nazo ni za mwaka 250. Kila hati ni ombi kwa tume iliyowekwa kusimamia sadaka. Mwombaji anataja jina lake na mahali pake, anaeleza kwamba siku zote amewatolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya tume, amemimina sadaka ya kinywaji, ametoa sadaka na kuionja. Kisha hufuata sahihi za walioshuhudia. Hati moja ni ya Aurelia Ammonous, kuhani wa kike wa Petesouchos, mungu mamba. Mtu wa namna hiyo hawezi kudhaniwa kuwa Mkristo. Kwa hiyo agizo halikuwahusu Wakristo peke yao. Liliwadai watu wote tendo moja la kuonyesha uaminifu wao kwa dola na miungu yake.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mkristo aliambiwa afanye tu kile ambacho majirani zake walikuwa wakifanya: chembe chache za uvumba, divai kidogo, kipande cha nyama, kisha apokee hati na kwenda zake. Waliokataa walitiwa gerezani, waliteswa, walinyang'anywa mali au kufukuzwa katika miji yao. Askofu Fabian wa Roma alikufa kwa ajili ya imani tarehe 20 Januari 250. Origen, mwalimu mkuu wa Maandiko, aliteswa gerezani akiwa mzee, akafariki miaka michache baadaye.

2. Jinsi walivyoanguka

Askofu wa Carthage wakati huo alikuwa Cyprian, mtu msomi mwenye mali, aliyebatizwa akiwa mtu mzima na kuwekwa katika uaskofu muda mfupi tu kabla ya agizo. Mwaka 251 aliandika kijitabu juu ya walioanguka, na humo anatuonyesha aibu ya usharika wake bila kuificha. Wengi hawakungoja kukamatwa. Walikwenda wenyewe mpaka kilimani palipokuwa na hekalu la mji, na jioni ilipoingia, maofisa waliwataka wengine warudi kesho yake, nao wakasihi wasicheleweshwe. Wengine walikwenda na watoto wao wachanga mikononi.

Cyprian aliona sababu ya anguko hilo katika maisha ya kanisa wakati wa amani ndefu iliyotangulia: watu walikuwa wamejishughulisha na kuongeza mali, na hata baadhi ya maaskofu walikuwa wameacha kazi yao na kufuata biashara. Mateso yalifunua udhaifu uliokuwapo tayari.

Walioanguka hawakuwa wa namna moja. Wapo waliotoa sadaka na kula nyama yake. Wapo waliofukiza uvumba tu. Na wapo ambao hawakugusa madhabahu kabisa, bali walinunua hati kwa fedha, wakijiambia kwamba mikono yao ni safi. Tena, kati ya waliotoa sadaka wapo waliokimbilia kufanya hivyo, na wapo waliokubali baada ya kuteswa kwa muda mrefu. Mchungaji mwenye hekima hawezi kuwatia wote katika kapu moja.

3. Hati za namna ya pili

Mambo yalizidi kuwa magumu kwa sababu ya askofu mwenyewe. Agizo lilipofika Carthage mapema mwaka 250, Cyprian alijificha nje ya mji, akaendelea kuliongoza kanisa kwa barua. Alieleza kwamba alifanya hivyo kwa usalama wa kundi, lakini viongozi wa kanisa la Roma waliandika barua iliyomgusa kwa fumbo la mchungaji wa mshahara anayekimbia aonapo mbwa mwitu. Basi ni nani aliyekuwa na haki ya kuwahukumu walioanguka? Je, ni askofu aliyejificha, au ni waungamaji waliokuwa gerezani na alama za mapigo miilini mwao?

Walioanguka waliwaendea waungamaji. Hao, kwa huruma, walianza kuwaandikia hati za amani, wakiomba wapokewe tena katika ushirika. Baadhi ya hati hizo hazikutaja hata majina ya wanaohusika. Zilisema tu kwamba fulani apokewe pamoja na watu wake. Wazee wengine wa Carthage waliwapa Meza ya Bwana mara moja, bila maungamo na bila kuwekewa mikono. Hivyo mtu aliyenunua hati ya kumwokoa na Kaisari aliweza sasa kupata hati nyingine ya kumwokoa na toba.

Cyprian aliwaheshimu waungamaji, lakini alikataa jambo hilo. Alisema kwamba huruma inayofunika jeraha bila kulisafisha haimponyi mgonjwa. Tena aliona kwamba neno la kupokea au kutenga si la mtu mmoja mwenye sifa, bali ni la Kanisa lote likiwa pamoja na askofu wake.

4. Uamuzi wa Carthage na upinzani wa Novatian

Cyprian alirejea mjini baada ya Pasaka ya mwaka 251, na maaskofu wa Afrika wakakutana katika baraza. Waliamua kwamba kila jambo lichunguzwe peke yake. Walionunua hati wangeweza kupokewa baada ya kuchunguzwa. Waliotoa sadaka waendelee katika toba, na wakifikia saa ya kufa wapewe ushirika. Wenye daraja katika Kanisa waliotoa sadaka waliweza kurudi kama Wakristo wa kawaida tu, si katika utumishi wao wa zamani.

Huko Roma, Cornelius alichaguliwa kuwa askofu mwaka huohuo. Kanisa lake halikuwa dogo tena: yeye mwenyewe anataja wazee 46, mashemasi 7, na wajane na maskini zaidi ya 1,500 waliotunzwa na kanisa. Lakini Novatian, mzee wa kanisa hilo na mwanatheolojia hodari, alikataa uchaguzi wake, akawekwa na wafuasi wake kuwa askofu wa upande wa pili. Alifundisha kwamba Kanisa halina ruhusa kabisa ya kumpokea tena aliyeabudu sanamu. Atubu, na Mungu peke yake amhukumu. Kwake Kanisa lilikuwa jamii ya watakatifu wasio na doa.

Muda si mrefu, tishio la mateso mapya lilitokea chini ya Kaisari Gallus. Maaskofu 42 wa Afrika walikutana tena na kuamua kwamba wote waliokuwa wamedumu katika toba wapokewe sasa. Hoja yao inatugusa hata leo: tutawezaje kuwataka watu wamwage damu yao kwa ajili ya Kristo, hali sisi tunawanyima kikombe cha damu yake? Meza ya Bwana haikuonekana tena kama tuzo ya washindi, bali kama nguvu ya waendao vitani. Cyprian mwenyewe aliingia vita hiyo: tarehe 14 Septemba 258, chini ya Kaisari Valerian, alikatwa kichwa mbele ya watu wake.

Wafuasi wa Novatian waliendelea kwa karne kadhaa. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliweka utaratibu wa kuwapokea waliotaka kurudi. Mwanahistoria Socrates anasimulia kwamba Kaisari Konstantino alimwambia Acesius, askofu wao, ajitafutie ngazi apande mbinguni peke yake.

5. Ungamo la Augsburg na sisi

Wasomaji wetu wanajua kwamba jina la Wanovatian limo katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Kifungu cha 12 kinafundisha kwamba walioanguka baada ya Ubatizo waweza kupata msamaha wakati wowote watubupo, na kwamba Kanisa halina budi kuwapa ondoleo la dhambi. Toba ina sehemu mbili: majuto ya dhamiri, na imani inayoshika Injili. Matendo mema hufuata kama matunda. Kisha kifungu hichohicho kinawapinga Wanovatian waliokataa kuwafungulia waliotubu, na pia wale wanaotaka tustahili neema kwa malipo yetu wenyewe.

Kwa mwanga huo tunaweza kumpima hata Cyprian. Alitenda vema kumpinga Novatian. Lakini lugha yake juu ya machozi, kufunga na sadaka zinazomtuliza Mungu ilifungua njia ambayo baadaye iliifanya toba kuwa deni la kulipwa. Mtaguso wa Nikea, kwa watu fulani walioanguka bila kulazimishwa, uliweka muda wa toba unaofikia miaka 12.

Sharika zetu nazo zina utaratibu wa kutenga na kurudisha kundini. Tunawajua washarika walioketi miaka mingi nyuma ya kanisa, wakisikia Neno bila kuikaribia Meza, kwa sababu walikwenda kwa mganga mtoto alipougua, au kwa sababu ya ndoa isiyobarikiwa. Baadhi yao wametubu zamani, ila hakuna aliyewauliza. Wengine wamerudishwa kwa haraka kwa kuwa ni watu wenye nafasi, na hakuna aliyewauliza pia. La kwanza ni kosa la Novatian. La pili ni kosa la hati za amani. Katika yote mawili mchungaji hakuketi na mtu mwenyewe.

Hitimisho

Baraza la Carthage halikutuachia kanuni ya kunakili. Limetuachia mfano wa viongozi waliokubali kazi ngumu ya kumsikiliza kila mmoja, na ambao hawakuona haya kuubadili uamuzi wao hali ya kundi ilipodai hivyo. Petro naye alimkana Bwana mara tatu. Bwana hakumpita kimya, alimwuliza mara tatu juu ya upendo wake. Kisha akamkabidhi kondoo. Basi ndugu watumishi, tuchukue daftari za sharika zetu, tutafute majina ya waliotengwa, na kabla ya Pasaka ijayo tuwaendee.