Mwangwi Unaokula Muziki

Super Famicom, konsoli ya Nintendo iliyoingia sokoni Japani Novemba 1990, ni kama kompyuta mbili ndani ya boksi moja. Moja inaendesha gemu. Ya pili, iliyobuniwa na Ken Kutaragi wa Sony, yuleyule anayeitwa baba wa PlayStation, kazi yake ni sauti tu. Ina prosesa yake, SPC700, saa yake, na kumbukumbu yake ya kilobaiti 64. Na mwenzake huwasiliana nayo kupitia milango minne tu, kila mmoja wa baiti moja.

Kilobaiti 64 hazitoshi hata picha moja unayotumiwa WhatsApp. Humo humo vinakaa programu ya kupiga muziki, noti za wimbo, sampuli za ala, zilizobanwa hadi vipimo 16 vya sauti vienee katika baiti 9, na mwangwi. Kwenye mwangwi ndiko kwenye kasheshe. Ili ngoma isikike kana kwamba inapigwa pangoni, chipu huandika sauti kwenye sehemu ya kumbukumbu, huisoma baadaye kidogo na kuichanganya na sauti mpya. Kila milisekunde 16 za kuchelewa hula kilobaiti 2. Ukitaka mwangwi mrefu kuliko yote, wa milisekunde 240, kilobaiti 30 zimekwenda. Na chipu haiangalii inaandika juu ya nini. Ukikosea hesabu, mwangwi unafuta sampuli zako, au programu yenyewe, na gemu inaganda.

Waliotunga gemu za dukani walizipima kwenye mashine halisi, kwa hiyo kosa la namna hiyo lilijitangaza lenyewe. ZSNES, emuleta (programu inayoiga konsoli kwenye kompyuta) iliyotoka 1997, iliuweka mwangwi pembeni, nje ya zile kilobaiti 64. Kwa gemu nyingi za dukani hukuona tofauti yoyote. Mashabiki waliounda hatua mpya za Super Mario World na kuzitia muziki wao ndio waliojenga juu ya pengo hilo bila kujua: walipima kwenye ZSNES, muziki ukalia vizuri, wakasambaza.

Ikaja bsnes, inayoiga chipu ya sauti hatua kwa hatua, na mwangwi ukarudi mahali pake. Kazi zile zikaanza kukoroma, nyingine zikafa kwenye wimbo wa kwanza. Wachezaji wakailaumu emuleta mpya, na lawama hiyo naielewa ingawa siikubali: kwa mchezaji, jana ilicheza na leo haichezi. Ungemweleza habari za kumbukumbu angekuona unamzungusha.

Lakini kazi za mashabiki nazo ni kazi, na kuzitupa kwa sababu zilizaliwa kwenye emuleta mbovu ni ukali usio na faida. Baadaye bsnes ikaongeza swichi ya kuupa mwangwi kumbukumbu ya pembeni, na Snes9x, emuleta nyingine, inayo pia. Hivyo ndivyo inavyofaa. Kasoro ya zamani inaigwa kwa hiari ya mtumiaji, wakati moyo wa programu unabaki mkweli kwa mashine. Nisiyoipenda ni emuleta inayolitambua jina la gemu na kubadili tabia kimyakimya, kwa sababu mtunzi anayepimia hapo hatajua anapima nini.

Saa nayo ina vituko vyake. Kwa nadharia chipu ya sauti hutoa vipimo 32,000 vya sauti kwa sekunde, lakini saa yake hutegemea kipande cha kauri kisicho sahihi sana, na emuleta kadhaa huchukua 32,040 ili kukaribia konsoli halisi. Toleo la Marekani la konsoli hii, SNES, nalo hutoa picha 60.1 hivi kwa sekunde, skrini nyingi 60. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuleta mikwaruzo, ndiyo maana programu ya RetroArch, inayoendesha emuleta, huivuta au kuibana sauti kwa chini ya nusu asilimia. Sikio halitambui.

Anayetunga muziki wa SNES leo aizime swichi ya mwangwi kabla ya kupima, kisha auache wimbo uzunguke mpaka urudie mwanzo. Sampuli iliyofutwa na mwangwi huenda isijulikane mpaka ala yake ipigwe mwishoni.