Usifuate baridi, fuata upepo: safari nafuu ya mshipi kutoka Kianda hadi Pwani

Julai ikifika, mabati ya Kianda, ndani ya Kibera, huamka yamelowa ingawa mvua haijanyesha. Jua hujificha siku tatu nne mfululizo, watoto hutumwa dukani wamejitanda shuka, na majiko ya makaa huingizwa ndani ya vyumba vilivyofungwa, hatari ambayo imeshaua watu wengi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Hapo ndipo mazungumzo ya kwa kinyozi na ya kwenye steji yanapogeukia Pwani. Watu wanataka joto. Na wengi wao, hasa waliokulia ziwani, Siaya, Homa Bay na Busia, wanataka joto hilo pamoja na mshipi mkononi.

Hamu hiyo naiheshimu. Kibera imejaa watu waliojua kutia chambo kwenye ndoana kabla ya kujua kushika kalamu, ambao leo ni walinzi, mafundi wa kuchomelea vyuma na wauza mitumba katika jiji lisilo na mahali pa kutupa mshipi. Maji yaliyo karibu nao zaidi ni Bwawa la Nairobi, upande wa pili wa Kibera, lililokamilika mwaka wa 1953. Zamani watu walikwenda pale kuendesha mashua za tanga na kuvua kwa starehe. Leo limefunikwa na magugu maji na taka. Kwa hiyo anayetaka kuvua kwa raha yake hana budi kusafiri, na bahari ndiyo ndoto kubwa kuliko zote.

Tatizo ni mwezi. Baridi inayomsukuma mtu wa Kianda atoke Nairobi huja Juni, Julai na Agosti, na hiyo ndiyo miezi ambayo pepo za kusi huvuma kwa nguvu zote. Kusi huanza kushika Aprili na hudumu hadi Septemba hivi. Hutokea kusini mashariki, juu ya bahari kuu isiyo na kizuizi, na huleta mawimbi makubwa yanayovunjika juu ya mwamba ulio mbele ya fuo zetu. Maji huchafuka, mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini huongeza kasi, na mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa hubaki ndani ya mwamba au hubaki nyumbani kabisa. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa onyo baada ya onyo la upepo na mawimbi kwa ajili ya Pwani. Mombasa ya Julai ina joto la kutosha kumfurahisha mtu wa Nairobi, lakini samaki wa Julai ni wachache, na kuwafuata nje ya mwamba ni kucheza na roho.

Kaskazi ndiyo hufungua bahari. Upepo huu hutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi kati ya Novemba na Machi, na ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Omani hadi Mombasa na Lamu, yakasubiri kusi iyarudishe kwao. Wakati wa kaskazi maji husafika, huwa ya joto, na wavuvi wadogo huvuka mwamba kufuata nguru, jodari na kolekole. Wavuvi wa Kojani, kisiwani Pemba, hutumia msimu huo kwenda dago: hufunga virago, huvuka hadi fuo za Kenya, hupiga kambi miezi kadhaa na kuvua huko. Wao hawachagui mahali kwa sababu ya uzuri wa mchanga. Hutazama upepo kwanza, kisha samaki, kisha mwenyeji atakayewapokea. Sioni mwongozo ulio bora kuliko huo kwa mtu mwenye pesa kidogo.

Tazama pia jinsi wageni wa ng'ambo wanavyofaidi. Mwingereza anayekimbia Januari ya kwao, yenye giza saa kumi alasiri, anatua Mombasa na kukuta kaskazi. Msimu wake wa baridi na msimu wetu wa samaki vimeangukia wakati mmoja. Ndiyo sababu Malindi, Watamu na Shimoni zimejulikana duniani kwa nduaro na sulisuli tangu enzi za ukoloni. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua Malindi katika safari yake ya miaka ya 1930, na mwaka wa 1954, baada ya kunusurika ajali mbili za ndege nchini Uganda, alikwenda kwenye kambi ya uvuvi Shimoni. Biashara iliyojengwa juu ya sifa hiyo inaendelea hadi leo: mashua zenye injini kubwa, viti vya kupigania samaki na bei inayohesabiwa kwa dola, mamia kadhaa kwa siku. Ni uvuvi halali na huwapa watu wa Pwani kazi. Ila mtu wa Kianda asidhani kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya kuvua bahari hii. Watu wa Pwani wenyewe huvua kwa mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, chubwi ya risasi na kipande cha ngisi.

Sasa tuje kwenye pesa. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida katika treni ya Madaraka Express, kutoka Nairobi hadi Mombasa, ni shilingi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000. Mtu akianza kuweka shilingi 300 kila wiki sasa hivi, katikati ya baridi ya Julai, atakuwa na kama 9,000 mwishoni mwa Januari. Ukitoa treni zinabaki 6,000 za matatu, malazi, chakula na mchango wa chombo. Zitatosha siku chache, kwa sharti kwamba wasafiri ni watatu au wanne wanaogawana gharama ya chombo na chumba. Peke yako hesabu hiyo inavunjika. Huu ni mradi wa chama, na Kianda haina upungufu wa vyama.

Desemba iondoe kabisa akilini. Bahari ni nzuri, lakini nusu ya Nairobi inateremka Pwani, vyumba hupanda bei, tikiti za treni huisha na mabasi huongeza nauli. Shule zikifunguliwa Januari, umati hurudi bara huku kaskazi ikiendelea kuvuma. Kuanzia hapo hadi mwanzo wa Machi ndipo bei na bahari hukubaliana. Kuna dirisha la pili ambalo wengi hawalijui: Oktoba, wakati wa tanga mbili, kusi imechoka na kaskazi haijashika. Bahari hutulia, vyumba bado ni vya bei ya chini kwa sababu wageni wa Ulaya hawajajaa, na Sikukuu ya Mashujaa, Oktoba 20, humpa mwajiriwa siku ya ziada. Jambo moja la kuzingatia kwa miaka hii ni kwamba Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na vijiji vingi vya wavuvi ni vya Waislamu. Kazi hupunguzwa mchana, mikahawa hufungwa hadi magharibi, na si adabu kula hadharani. Futari za Pwani ni tamu sana, lakini anayetaka kuvua alfajiri hadi adhuhuri apange safari kabla ya mwezi kuandama.

Baada ya mwezi ndipo mahali. Watamu na Malindi ningeziacha kwa safari ya kwanza. Hifadhi zao za bahari zilitangazwa mwaka wa 1968 na ndani ya mipaka hiyo huruhusiwi kutupa hata ndoana moja, uvuvi wa nje ya mwamba umetawaliwa na mashua za kifahari, na safari yenyewe ni ndefu zaidi baada ya Mombasa. Lamu ni mbali mno kwa mfuko huu. Fuo za Mombasa mjini, Nyali na Bamburi zina hifadhi yao pia, na anayekaa huko hutumia pesa nyingi kwa vitu visivyohusu samaki.

Kilifi inastahili kufikiriwa. Mkono wake wa bahari unaingia ndani sana ya nchi kavu, kwa hiyo hata upepo ukiwa mkali kuna maji yaliyokingwa ambamo mtumbwi unaweza kukaa. Takaungu, kusini kidogo, ni mji wa kale wa Wamazrui na wa wavuvi, tulivu, wenye hori lake. Abiria wa treni inayosimama vituo vya njiani anaweza kushuka Mariakani na kupita barabara ya Kaloleni hadi Mavueni, jirani na Kilifi, bila kuingia Mombasa. Kama likizo yako haisogei na ni lazima iwe Julai au Agosti, basi nenda Kilifi, vua ndani ya mkono wa bahari, na usimruhusu mtu yeyote akushawishi kuvuka mwamba.

Lakini kwa safari ya Februari moyo wangu uko kusini, Shimoni. Kutoka Mombasa unavuka kivuko cha Likoni bila kulipa ukiwa unatembea kwa miguu, unapanda matatu ya barabara ya Lunga Lunga, unashuka njia panda ya Kanana, kisha kilomita kama 14 hadi ufukweni. Mbele yako kuna kisiwa cha Wasini, na mlango wa maji kati ya kisiwa na bara umekingwa vizuri kuliko sehemu nyingi za pwani yetu. Humo wanapatikana changu, chewa na kolekole kwa mshipi wa mkono. Nje yake ni mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita karibu na nchi kavu, ndiyo maana samaki wakubwa husogea hapa kuliko kwingine. Si lazima ufike huko nje. Ila kama nahodha ni mzoefu, asubuhi imetulia na chombo kina injini, kurambaza kwa saa mbili ukifuata nguru ni jambo utakalosimulia nyumbani kwa muda mrefu.

Mipaka ieleweke kabla ya kutia mguu kwenye chombo. Kisite ni hifadhi ya taifa, hairuhusiwi kuvua. Mpunguti, jirani yake, ni hifadhi ambamo uvuvi wa kiasili unakubaliwa. Tofauti hiyo wenyeji wanaijua kwa macho na mgeni haijui, kwa hiyo pitia kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, kilichopo karibu kila bandari ya wavuvi. Wao ndio watakaokuonyesha nahodha mwenye chombo kilichosajiliwa, na watakueleza leseni ya uvuvi wa starehe inayotakiwa na mahali pa kuilipia. Epuka kijana wa ufukweni anayekuambia kwamba hakuna haja ya hayo yote. Kokoro na bunduki za mkuki zimepigwa marufuku tangu 2001 kwa sababu zinafagia vichanga na kuvunja matumbawe, na chombo kinachozibeba kisikubebe wewe.

Mapatano na nahodha yafanywe jioni iliyotangulia, mkiwa mmeketi. Msalimie kwanza, mzee wa Shimoni hatakuambia neno la maana kabla ya salamu na habari za watoto. Uliza bamvua ni lini, kwa sababu mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta maji yanayojaa na kupwa kwa nguvu, na nahodha atapenda kukupeleka siku za maji mafu, mshipi unapotulia chini. Uliza mtatoka saa ngapi. Jibu zuri ni alfajiri, kwa maana hata kaskazi huamka na nguvu mchana. Uliza mafuta ni ya nani na samaki ni wa nani. Mlipe kiasi ambacho angepata kama angevua siku nzima bila wewe, na zaidi kidogo, maana ameacha kazi yake ili akufundishe. Namna ya watu wa mjini kupunguza bei hadi mvuvi arudi nyumbani mikono mitupu inaniudhi, hasa inapofanywa na sisi tunaojua maana ya kulipwa kibarua kisichotosha.

Jaketi la kuokolea halina mjadala. Watu wengi wa Nairobi hawajui kuogelea, na aliyekulia ziwani anaweza kudanganywa na ujuzi wake, kwa kuwa ziwa halina mwamba wala maji kupwa ya kumvuta nje. Kama chombo hakina jaketi kwa kila abiria, lala, kesho tafuta kingine. Beba kofia, shati la mikono mirefu na maji ya kunywa ya kutosha, kwani jua la Februari kule kusini halina huruma kwa ngozi iliyozoea ukungu.

Hukumu yangu basi ni hii: Shimoni, kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi, nje ya Ramadhani, mkiwa wanne, na kama hiyo haiwezekani, Kilifi mwezi wa Oktoba. Blanketi la Julai livumilieni hapa hapa, dirisha likiwa wazi kidogo wakati wa jiko, na shilingi 300 za kwanza ziingie kwa mweka hazina wa chama wiki hii.