Nywele za Pacha

Mtoto akinyonyoka nywele, wako watu wasemao kuwa amelogwa. Akiwa ni pacha, maneno huzidi: husemwa kuwa mwenziwe amemnyang'anya. Hapa Bumbuli nawajua pacha wawili wafananao kama shilingi kwa ya pili, lakini mmoja ana kipara utosini na hatoki nyumbani bila kofia. Kwa ajili yake nimeona vema kueleza mambo haya.

Pacha ni wa namna mbili. Waliotokana na mayai mawili hufanana kama ndugu wa kawaida tu. Waliotokana na yai moja lililogawanyika hurithi mambo yale yale kwa baba na mama. Upara wa wanaume watu wazima hurithiwa sana. Ukimpata pacha mmoja wa yai moja, kwa kawaida wa pili naye hufuata. Basi, watoto kama hawa wakitofautiana nywele, tutafute sababu katika maisha yao: kuungua moto, kusukwa kwa kukazwa mno, au ugonjwa.

Yule jirani yangu alipatwa na mapunye yenye usaha utotoni. Mapunye huletwa na kuvu, nayo huambukiza kwa vitana, kofia na mashine za kunyolea. Kupaka dawa peke yake hakutoshi, maana kuvu huingia ndani ya unywele. Mgonjwa hana budi kumeza dawa ya hospitali kwa majuma kadhaa. Akitibiwa mapema, nywele huota tena. Akicheleweshwa, huenda likabaki kovu, na penye kovu nywele hazioti.

Nduguye aliniuliza, "Je, naweza kumgawia zangu?" Swali zuri. Mwaka 1952, huko New York, Daktari Norman Orentreich alianza kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kutoka kisogoni na kuvipandikiza penye upara. Aliona kuwa nywele hushika tabia ya mahali zilikotoka, kama chipukizi la mgomba: ulihamishe shamba, litazaa ndizi zile zile.

Nywele za mtu mwingine mwili huzikataa, kwani ni ngeni. Lakini pacha wa yai moja si mgeni. Tarehe 23 Desemba 1954, huko Boston, Daktari Joseph Murray na wenzake walimpandikizia Richard Herrick figo ya pacha wake, Ronald. Kwanza walijaribu kwa kipande cha ngozi, nacho kikashika. Richard aliishi miaka minane zaidi. Kwa kanuni hiyo hiyo, nywele nazo zaweza kushika.

Hata hivyo, kupandikiza nywele ni kazi ya gharama kubwa, wengi wetu hatuiwezi. Kutibu mapunye ni rahisi zaidi. Basi, wenzangu, mkiona mabaka kichwani mwa mdogo wenu, msimcheke wala msitafute mchawi. Mpelekeni hospitali juma hili hili, kabla kovu halijaingia.