Simenti Inapokula Mikono

Ukimpa mkono fundi wa lipu, utaijua kazi yake kabla hajaisema. Kiganja kikavu kama gamba, nyufa kwenye vifundo vya vidole, kucha zimelika pembeni. Wenyewe husema simenti imewala. Jioni hujipaka mafuta ya mgando, wakalala.

Usemi huo umebeba maradhi mawili. La kwanza halichagui mtu. Simenti ikipata maji hutoa chokaa kali, na pH ya rojo lake hufika 12 hadi 13, ilhali ngozi yetu huwa karibu na 5. Kila hatua ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo hatua saba tu ni mara milioni kumi. Kibarua anayepiga magoti kwenye zege bichi asubuhi huenda asihisi kitu; akivua suruali jioni hukuta magoti yamebabuka.

La pili lina subira. Ndani ya tanuri la kiwanda, kwenye nyuzi 1450 hivi, kromiamu kidogo iliyomo kwenye malighafi hugeuka kuwa kromiamu sita, inayoyeyuka majini na kupenya ngozi. Ikishaingia hujishikiza kwenye protini za mwili, na kinga ikaziona protini hizo kama ngeni. Fundi anaweza kuchapa zege miaka kumi salama, kisha mwili ukaikariri. Tangu hapo, kila akigusa simenti mbichi, siku moja au mbili baadaye mikono huwasha, huota malengelenge na kutoa maji. Kwa kuwa kuwasha kunachelewa, wengi husingizia sabuni, au samaki wa jana.

Kinachouma zaidi ni glavu. Ngozi nyingi za viwandani husindikwa kwa chumvi za kromiamu. Aliyekwisha kupata mzio akinunua glavu za ngozi ajikinge, huenda anauvaa ugonjwa wenyewe. Afadhali za mpira, mradi simenti isiingie ndani.

Kiwandani tiba ipo: salfeti ya chuma ikichanganywa kwenye simenti huidhoofisha kromiamu hiyo. Denmark ilianza 1981, na tangu 2005 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha sehemu 2 kwa milioni. Ila salfeti hiyo huchoka ikikaa, hasa penye unyevu. Mfuko ulioganda pembe stoo, ule ambao saidia fundi huuponda kwa nyundo usipotee bure, hata kama ulitiwa kinga hiyo, huenda imekwisha zamani.