Tabo hainunuliwi kwa macho

Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 na kivuko cha Ndundu kupumzishwa, mazao ya Rufiji hayasubiri tena foleni ya pantoni. Korosho, nazi na samaki vinapakiwa Mbwara au Ikwiriri, na siku hiyo hiyo vinaweza kushushwa Dar es Salaam. Lakini safari hiyo inategemea kifaa ambacho wengi hawakijui mpaka kiwaharibikie njiani. Kifaa hicho ni tabo.

Kazi ya tabo ni kuishindilia injini hewa. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni moja. Feni hiyo imeunganishwa kwa shafti na feni ya pili, iitwayo kompresa, ambayo huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi huungua vizuri, na gari hupata nguvu bila kuongezwa ukubwa wa injini. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyesajili wazo hilo mwaka 1905.

Tatizo letu huanza siku tabo inapokufa. Tajiri humtuma kijana Kariakoo, naye hurudi na tabo iliyotumika, kubwa kuliko ya awali. Bolti zikiingia, watu husema imekubali. Kumbe bolti kuingia ni jambo moja, na tabo kulingana na injini ni jambo jingine kabisa.

Watengenezaji wa tabo huchora kwa kila kompresa picha iitwayo ramani. Mstari wa chini huonyesha uzito wa hewa inayopita kwa dakika. Mstari wa kusimama huonyesha uwiano wa mgandamizo, yaani hewa inayotoka imeshindiliwa mara ngapi kuliko ile iliyoingia. Katikati kuna duara juu ya duara, mfano wa visiwa. Kisiwa cha ndani kabisa ndipo kompresa inapofanya kazi kwa ufanisi mkubwa, pengine asilimia 75. Kadiri unavyotoka nje, ufanisi unashuka.

Tupige hesabu. Chukua injini ya dizeli ya lita 6, inayozunguka mara 2,500 kwa dakika. Injini ya namna hii huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ingemeza lita 7,500 kwa dakika. Silinda hazijai kabisa, basi tuchukue asilimia 90, yaani lita 6,750. Tukitaka hewa ishindiliwe mara 2, kisha ipozwe kwenye intakula mpaka nyuzi 50 za Selsiasi, kila lita 1,000 zitakuwa na uzito wa kilo 2.2 hivi. Jawabu ni karibu kilo 15 kwa dakika. Mzunguko ukishuka mpaka 1,200, kwa mgandamizo ule ule, injini itahitaji kilo 7 tu.

Sasa weka alama mbili kwenye ramani, kilo 7 na kilo 15, zote kwenye uwiano wa 2. Tabo inayofaa ni ile ambayo alama hizo zinaangukia ndani ya visiwa vyake.

Tabo ikiwa kubwa mno, alama ya kilo 7 huangukia kushoto, nje ya mpaka. Huko hewa hushindwa kwenda mbele, ikarudi nyuma kwa vishindo, na tabo ikawa kama inakohoa. Vishindo hivyo huchosha beringi. Tena feni kubwa huchelewa kuamka. Dereva anakanyaga mafuta, hewa haijafika, na gari linatoa moshi mweusi. Moshi huo ni dizeli ya tajiri inayokwenda bure.

Tabo ikiwa ndogo mno, alama ya kilo 15 huangukia kulia, mahali kompresa inapokabwa. Feni, ambayo kwa kawaida huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, hulazimishwa kukimbia zaidi ya uwezo wake. Ufanisi ukishuka, hewa huchemka. Hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa mara 2 kwa ufanisi wa asilimia 75, hutoka na nyuzi karibu 120. Kwa asilimia 60 hufika 140. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo faida ya kushindilia inapotea. Beringi ikikatika, oili huingia kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli inaweza kuungua kwa oili yake yenyewe, ikanguruma bila kuzimika hata ukitoa ufunguo.

Liko jambo jingine kwa wenye magari yanayopanda nyanda za juu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani. Kuipa injini hewa ile ile, uwiano lazima upande kutoka 2 hadi 2.4, na zile kilo 15 husomeka kwenye ramani kama 18. Alama inahama juu na kulia. Tabo iliyokuwa inatosha barabara ya Kibiti inaweza kuzidiwa ikifika kule.

Je, kila mwenye gari apige hesabu hizi? La. Aliyetengeneza gari alikwisha zipiga. Kama injini ni ile ile, soma kibao cha tabo ya zamani na utafute yenye namba ile ile kamili. Ramani inahitajika pale injini inapobadilishwa au pampu inapoongezwa mafuta. Hapo mwambie fundi akuonyeshe alama zake. Ukikuta vipimo vya ratili, kumbuka ratili moja ni kilo 0.45.

Na kabla ya kufunga tabo mpya, ulizeni ile ya kwanza iliuawa na nini. Oili chafu, bomba la oili lililoziba au filta ya hewa iliyotoboka vitaiua na ya pili.

Anayelipia tabo ya kubahatisha si tajiri peke yake. Ni abiria anayelala njiani kati ya Ikwiriri na Somanga, na mvuvi ambaye samaki wake wanaozea ndani ya lori. Rahisi ni ghali, walisema wahenga.